Kuchoma oili chafu kwenye injini ya dizeli: kutoka pipa hadi tenki

Gereji kwetu lililetwa Fuso ambalo tabo yake (turbo, ile inayosukumia injini hewa) ilikuwa imekwisha. Dereva akawasha ili tusikilize. Injini ikatoa moshi wa buluu, ikaanza kupandisha mlio yenyewe, mguu wa dereva ukiwa mbali kabisa na pedeli. Akazima swichi, haikuzimika. Tukafungua mpira wa dizeli. Dizeli ikamwagika chini na injini ikazidi kunguruma. Kilichoinyamazisha ni blanketi la utingo, lililokunjwa mara nne na kubanwa kwa ubao kwenye mdomo wa bomba la hewa.

Ile injini ilikuwa inakunywa oili yake yenyewe kupitia kwenye tabo. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza kama oili ya injini inaweza kuwaka ndani ya dizeli, sina ubishi naye. Inawaka tena sana. Hilo ni kati ya maswali matatu ninayoulizwa sana hapa gereji, na wote wanauliza upande usiofaa. Cha kuuliza ni hiki: kabla haijafika pale inapowaka, inapita wapi? Inapita kwenye pampu na nozeli zinazonyunyiza mafuta ndani ya injini, vyuma vilivyosagwa vikakaribiana hadi nafasi kati yake ni mikroni mbili tatu. Unywele wa kichwani una unene wa kama mikroni 70. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kusafisha. Kuchoma kwenyewe ni dakika mbili.

Hesabu kwanza

Chukua kalamu kabla hujatafuta pipa. Canter inayokunywa lita 40 kwa siku, ukiichanganyia asilimia 10 ya oili chafu, yaani oili iliyokwisha kutumika, inakuokolea lita 4 kwa siku. Kwa siku 25 za kazi ni lita 100 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya kituo unachojaza. Halafu toa filta za ziada, muda wako, na akiba ya kumlipa fundi wa pampu, kwa sababu utamhitaji mapema kuliko jirani yako anayetumia dizeli tupu.

Sasa angalia oili yenyewe inatoka wapi. Canter ikimwagwa oili inatoa kama lita nane. Hizo ni siku mbili za safari, basi. Mwenye gari moja atakesha akichuja kwa faida ya kununulia soda. Kazi hii inamfaa mwenye gereji, au mwenye magari matano sita ya aina moja, au mwenye pampu ya maji ya kumwagilia inayofanya kazi kutwa.

Hatua ya 1: Tazama pampu yako

Fungua boneti ufuate mabomba ya chuma yanayokwenda kwenye nozeli, urudi nayo hadi yanapoanzia.

Yakianzia kwenye mstari mmoja, yamesimama kama askari gwarideni, una pampu ya mstari. Hizi ndizo sugu kuliko zote. Utazikuta kwenye malori ya zamani ya Fuso, Isuzu na Scania, na kwenye Mercedes-Benz za miaka ya 1970 na 1980. Nyingi kati yake hulainishwa upande wa chini na oili ya injini, kwa hiyo hazitegemei mafuta ya tenki peke yake.

Yakitoka kwa duara, kama mikono ya pweza, una pampu ya kuzunguka. Toyota za 2L, 3L, 5L na 1HZ, yaani Hiace, Hilux na Land Cruiser za zamani, zina hii. Injini zenyewe ni vumilivu, maana mafuta huwakia kwanza kwenye chumba kidogo cha pembeni kabla ya kufika juu ya pistoni, na chumba hicho hakichagui sana. Pampu ndiyo mwenye roho nyepesi: inalainishwa na yale yale mafuta unayoyaweka kwenye tenki. Ukiyachafua umechafua mate yake. Na kama ni pampu ya CAV, ile inayokaa kwenye trekta nyingi za Massey Ferguson zenye injini ya Perkins, acha kabisa. Haipendi mafuta mazito na haikupi onyo.

Ukiona nyaya nyingi zimeingia kwenye pampu, au bomba moja nene linalogawa mafuta kwa nozeli zote zenye soketi za umeme, hiyo ni pampu ya umeme au komoni reli. Injini za D4D, CRDi na ndugu zao wote wamo humu. Nozeli ya Toyota ya zamani hufunguka kwenye baa 150 hivi. Komoni reli inasukuma zaidi ya baa 1,000. Nozeli zake hazioshwi kwa brashi na bei yake unaijua. Gari lenye chujio la masizi kwenye ekzosi nalo ni hivyo hivyo, sababu nitaisema kwenye hatua ya kuchuja. Mwenye gari la namna hii asome kwa kujifurahisha tu.

Hatua ya 2: Chagua oili, usipokee kila dumu

Oili chafu ni jina moja la vitu vingi. Unayoitaka ni oili ya injini iliyomwagwa kwenye gari unalolijua, likiwa zima. Hayidroliki ya gia za otomatiki ni nzuri kuliko zote, kwa kuwa ni nyepesi na haijawahi kukutana na masizi.

Usichukue oili ya difu na gia za kawaida. Ni nzito na ina salfa nyingi. Usichukue mafuta ya breki. Usichukue oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, maana silinda hedi ya gari hilo imepasuka au gasketi imeungua, na ndani yake kuna kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa. Maji ya kulanti utayakausha, lakini dawa yake inabaki na inakwenda kugandia nozeli.

Mafuta ya transfoma yasifike hata getini. Wanaokuletea wanajua wameyatoa wapi, na wewe unajua mtaa upi una giza. Zaidi ya wizi, transfoma za zamani zilijazwa mafuta yenye kemikali ziitwazo PCB, ambazo hukaa mwilini miaka mingi na zikiungua vibaya zinazaa sumu mbaya kuliko zenyewe.

Andika kwa chokaa juu ya kila dumu: imetoka gari gani, tarehe gani. Dumu lisilo na historia lipeleke kwa mkusanyaji mwenye kibali.

Hatua ya 3: Toa maji

Weka kikaango kikavu juu ya jiko la mkaa, nje, hadi tone la maji likirushwa linacheza juu yake. Kitoe jikoni, kiweke chini, kisha dondosha matone matatu ya oili. Ikitoa moshi kimya kimya, ni kavu. Ikipasuka-pasuka kama mbegu za haradali kwenye mafuta, ina maji. Kikaango hicho kisirudi jikoni kwa mama, hata kikioshwa mara saba.

Njia salama ya kukausha ni jua. Pipa jeusi, kifuniko kimelegezwa na kufunikwa bati ili mvua isiingie, wiki moja ya jua kali. Maji hushuka chini, nawe unayafungulia kwa bomba la chini hadi oili tupu ianze kutoka.

Wapo wanaopasha kwa moto. Ukiamua hivyo, iwe oili iliyotoka kwenye injini ya dizeli peke yake. Ile ya injini ya petroli hubeba petroli iliyopenya kwenye ringi, na mvuke wake unaweza kushika moto ukiwa bado unatafuta kijiko. Sufuria ijae nusu tu, kwa sababu maji yakianza kutoka, oili inafura na kumwagika kama maziwa. Joto lipite kidogo 100°C, lisivuke 120°C. Ndoo ya mchanga na kifuniko cha bati viwe pembeni. Moto wa oili haumwagiwi maji. Na usipashe kitu chochote ambacho tayari kimechanganywa na dizeli au petroli.

Hatua ya 4: Changanya kwanza, ndipo utulize

Hapa ndipo wengi wanapindua. Wanachuja oili nzito kwa taabu siku tatu, wanaipata safi, wanaimimina kwenye tenki lenye dizeli, na baada ya wiki filta imeziba kwa tope jeusi. Wanalaumu filta. Kumbe oili chafu ina lami ambayo imeyeyuka humo ikiwa nzito, na ukiilainisha kwa dizeli lami hiyo inajitenga na kushuka. Itashuka tu, bora ishuke kwenye pipa kuliko kwenye tenki.

Kwa hiyo baada ya kukausha na kupoza, changanya nusu kwa nusu: lita 80 za oili, lita 80 za dizeli, kwenye pipa la lita 200. Koroga kwa mti dakika kumi, funga, acha.

Kuna faida ya pili. Oili ya 15W-40 kwenye joto la 40°C ina uzito wa mtiririko wa kama sentistoki 100, wakati dizeli ina 3. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu unashuka hadi karibu 11. Chembe ya uchafu inayozama kwenye kitu cha 11 inazama kama mara tisa haraka kuliko kwenye kitu cha 100. Kazi ambayo ingechukua miezi sita inaisha kwa wiki tatu.

Wiki tatu maana yake wiki tatu. Usilisogeze pipa, usilikoroge "kuangalia". Bomba la kuchotea liwe sentimita 15 juu ya kitako, na kilicho chini ya hapo usikihesabu kuwa ni chako.

Usilainishe kwa petroli. Najua mnafanya. Petroli kidogo tu inafanya hewa ya kwenye tenki iwe tayari kulipuka, jambo ambalo dizeli tupu haifanyi kwa joto la kawaida, na inaiondolea pampu ulaini inaoutegemea.

Hatua ya 5: Chuja kwa uzito wake, bila haraka

Pandisha pipa kwenye jukwaa la mita mbili. Kutoka kwenye bomba, mchanganyiko upite kwanza kwenye mguu wa suruali ya jinzi uliofungwa ncha, ukiwa na sumaku ya spika ya zamani ndani yake. Ukiitoa sumaku hiyo baada ya lita 50 utaikuta imeota manyoya ya chuma, na hapo utaelewa kwa nini nasisitiza.

Baada ya jinzi, filta mbili za dizeli za lori, zimefuatana: ya kwanza ya mikroni 10, ya pili ya 5 au chini ya hapo. Usiweke pampu ya kusukuma. Ukisukuma kwa nguvu, uchafu unajipenyeza. Uzito wa mita mbili unatosha kutoa uzi mwembamba au matone yanayofuatana. Siku utakayoona yametiririka ghafla kama bomba la mvua, filta imechanika. Rudisha kila kilichotoka.

Kipimo changu ni karatasi nyeupe inayonyonya, hata ya tishu. Dondosha tone, acha usiku kucha. Doa likisambaa taratibu kutoka kati kwenda pembeni, vizuri. Likibaki na duara jeusi lenye ukingo mkali katikati, au ukisugua kwa kidole ukasikia chengachenga, rudi kwenye pipa.

Usingoje yawe meupe. Masizi ya oili ni madogo kuliko tundu la filta yoyote ya kwako, na oili yenyewe imetengenezwa iyashikilie yasitulie. Yatabaki meusi, na hilo siyo tatizo kubwa.

Tatizo ni kitu kingine ambacho hakichujiki kabisa: majivu. Oili ya injini ina kalsiamu, zinki na fosforasi alizoweka mtengenezaji, zimeyeyuka ndani kama chumvi kwenye mchuzi. Zikiungua zinaacha majivu, kwa oili nyingi za dizeli karibu asilimia 1 ya uzito. Lita 100 za oili zina kama kilo 88. Ina maana Canter yetu ya mfano inapitisha karibu kilo moja ya majivu kwa mwezi kwenye pistoni, valvu na bomba la moshi. Mengi yanatoka na moshi, mengine yanakaa. Kwenye gari lenye chujio la masizi yote yanakaa, na majivu hayaungui hata ulichome chujio namna gani.

Cummins wa Marekani waliwahi kuwa na mfumo ulioitwa Centinel, uliochota oili kidogo kidogo kwenye injini ikiwa kazini na kuichoma pamoja na dizeli, ili dereva asimwage oili mara kwa mara. Ulifanya kazi. Lakini ilikuwa oili ya injini ile ile, kiasi kidogo sana, na kabla ya zama za vichujio vya moshi.

Hatua ya 6: Andaa gari

Ongeza filta moja ya ziada yenye kikombe cha kuonea maji, kabla ya filta ya gari. Weka filta mpya kwenye kasha la kiti pamoja na spana yake. Itakuziba ukiwa katikati ya mlima wa Kitonga na mzigo, haitakuziba nyumbani.

Kama una nafasi, weka tenki mbili. Ndogo ya dizeli tupu kwa ajili ya kuwashia na kuzimia, kubwa ya mchanganyiko. Unawasha na dizeli, injini ikishapata moto unahamisha. Dakika kumi kabla ya kufika unarudi kwenye dizeli ili pampu na nozeli zilale safi. Kumbuka bomba la kurudisha mafuta nalo lihamishwe pamoja, la sivyo mchanganyiko utajaza tenki la dizeli bila wewe kujua. Tenki mbili ni muhimu zaidi kwa walioko kwenye baridi ya Njombe na Makete kuliko kwa walioko Dar es Salaam. Oili inayotiririka vizuri Temeke saa sita mchana ni asali Makambako alfajiri.

Hakikisha hita plagi zote, zile zinazopasha injini wakati wa kuwasha, zinafanya kazi.

Hatua ya 7: Anza na lita mbili

Tenki la kwanza liwe na oili asilimia 5. Kwa lita 40 ni lita 4 za mchanganyiko wako wa nusu kwa nusu, yaani lita 2 za oili, na lita 36 za dizeli. Maliza tenki hilo lote bila kuongeza. Ukiridhika, panda hadi 10.

Kwenye asilimia 10 uzito wa mtiririko unafika kama sentistoki 3.7, bado ni dizeli ya kawaida kwa macho ya pampu. Kwenye 20 unafika karibu 4.7, umeshavuka kidogo kipimo cha 4.5 ambacho Ulaya imekiweka kwa dizeli. Mimi pampu ya kuzunguka siipitishi 10. Pampu ya mstari naifikisha 15. Wapo wanaotembea na 50 na gari linakwenda, sibishi. Waulize baada ya mwaka.

Tazama moshi. Mweusi kidogo ukikanyaga na mzigo ni kawaida. Mweupe unaouma macho asubuhi, usioisha injini ikipata moto, ni nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza. Gari likikosa nguvu mlimani lakini tambarare linakwenda, ni filta. Likigongagonga kwa sauti kali ya chuma, punguza kipimo siku hiyo hiyo.

Chomoa kijiti cha oili kila asubuhi. Oili ikiwa imepanda juu ya alama, mafuta yanapenya chini, simamisha. Baada ya miezi mitatu peleka nozeli kwa fundi wa nozeli azipime kwenye mashine. Akikuonyesha ncha zimeota ukoko wa kijivu, hayo ndiyo majivu niliyoyasema.

Mashine ya kusaga nafaka isitumie mafuta haya hata kama injini yake ingeyameza bila shida. Moshi wenye zinki na masizi ya oili hauna kazi karibu na unga wa watu.

Hatua ya 8: Sheria, tope na mikono

Oili iliyotumika ni taka hatarishi, Tanzania na Kenya vilevile, na Mkataba wa Basel umeiweka kwenye orodha yake kwa namba Y8. Kukusanya na kusafirisha oili za watu kunataka kibali cha mamlaka ya mazingira ya nchi yako. Usianze kuzunguka gereji za mtaa na pikapu kabla ya kukipata. Na mchanganyiko wako usimuuzie mtu, hata jirani, hata lita tano. Hapo umekuwa mchakachuaji. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za siri za kutambulia mafuta halali, mwaka 2010 ili kukamata hilo hilo.

Tope la chini ya pipa, filta zilizokufa na jinzi lililojaa viingie kwenye dumu moja lenye kifuniko. Lipeleke kwa mkusanyaji mwenye kibali. Oili nyingine huishia viwanda vya saruji, ambako tanuri hupita 1,400°C. Lisiende kwenye mtaro, wala kwenye shimo la choo, wala kwenye nguzo za uzio kama dawa ya mchwa karibu na kisima.

Oili mpya haidhuru ngozi sana. Iliyotumika ina masalia ya kuungua yanayoweza kusababisha saratani ya ngozi, na inafanya hivyo kwa miaka, kimya kimya, kwa mtu anayefuta mikono kwenye ovaroli na kuivaa tena kesho. Vaa glavu za mpira. Usinyonye mpira kwa mdomo kuhamisha mafuta. Bomba la mkono la kupampu linauzwa kwenye duka lolote la vifaa. Mikono ioshwe kwa sabuni ya unga na vumbi laini la mbao, siyo kwa petroli, na kitambaa kilicholowa oili kisikae mfukoni.